Jinsi ya kutengeneza filamu ya vichekesho ndani ya duka moja kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili

Skripti inachekesha mezani, kaunta ipo, marafiki wanne wako tayari kuigiza bure, halafu wiki ya pili kila kitu kinakwama. Ukizichunguza filamu za aina hii zinazofia njiani, mara nyingi utakuta magonjwa yale yale. Hadithi iliandikwa kabla duka halijapatikana. Mngurumo wa friji umemeza utani. Na wauzaji waliochoshwa na kazi yao wamemchosha na mtazamaji.

Mwongozo huu unafuata kazi kwa mpangilio wake. Pale ambapo watu huanguka sana nimekaa kwa muda mrefu, na penye wepesi nimepita haraka.

Filamu ya wauzaji wa duka inafaa mfuko mdogo kwa sababu mahali ni pamoja, sare ni moja, na watu ni wachache. Lakini urahisi huo una deni lake: hakuna safari, hakuna mandhari, hakuna mbio za magari za kumwamsha aliyeanza kusinzia. Mzigo wote unabebwa na maneno, nyuso na kipimo cha muda.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Duka moja, na karatasi yenye sahihi ya mwenye duka.
- Kamera moja inayokubali mipangilio ya mkono. Simu nzuri inatosha, mradi iwe na programu inayoweza kufunga mwanga, fokasi na rangi visibadilike vyenyewe.
- Maiki mbili za kubana kwenye nguo, maiki moja ya mwelekeo (inayosikia zaidi upande inakoelekezwa) kwenye fimbo, kinasa sauti, na hedifoni zinazoziba masikio. Kama fedha inatosha kukodi kitu kimoja tu cha maana, kodi sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga. Mazungumzo asiyoyasikia hayasamehe.
- Stendi ya kamera iliyo imara, na taa mbili ndogo za LED.
- Blanketi nzito, kitambaa cheusi kipana, gundi ya karatasi isiyoacha alama, vibanio vya nguo.
- Diski mbili za kunakilia ulichopiga. Siyo moja.
- Watu wanne nje ya waigizaji: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, na mtu wa mwendelezo (anayehakikisha vitu na mavazi havibadiliki ovyo kutoka picha moja hadi nyingine) ambaye pia anashika ratiba.
- Chakula cha moto na maji, kila siku, kwa saa inayojulikana. Anayefanya kazi bure huvumilia kukosa mshahara, lakini njaa ya saa nane mfululizo itamrudisha kwao.

## Hatua ya 1: Pata duka kabla ya kuandika

Hapa ndipo wengi huanza kinyume. Wanaandika duka la kichwani, lenye njia pana na stoo kubwa, kisha wanatafuta duka la kufanana nalo. Hawalipati, au wanalipata kwa gharama inayomaliza bajeti.

Tafuta kwanza duka utakalokubaliwa. Nenda ukakae humo kwa saa zile zile utakazopiga picha, ukiwa na daftari. Andika friji ziko ngapi na zinapiga kelele kiasi gani, jua linaingia upande gani, soketi ziko wapi, mlango unalia ukifunguliwa, na jirani wa ukutani anafanya kazi gani. Jirani fundi wa vyuma ni sababu tosha ya kutafuta duka jingine.

Kisha muulize mwenye duka maswali haya bila kuzungukazunguka: Tunaweza kuzima friji kwa muda gani? Tutapiga duka likiwa limefungwa au wateja wakiendelea kuingia? Funguo atakuwa nazo nani saa kumi alfajiri?

Majibu yake ndiyo malighafi ya hadithi. Mfano ulio wazi ni *Clerks*, filamu ya Kevin Smith iliyotoka mwaka 1994. Aliipiga katika duka la New Jersey, Marekani, alikokuwa ameajiriwa. Mchana duka lilikuwa likiuza, kwa hiyo alipiga usiku, ilhali hadithi yake inatokea mchana. Hakuwa na uwezo wa kutengeneza jua dirishani. Akaandika kwamba kuna mtu kaziba kufuli za milango ya chuma kwa chingamu na madirisha hayafunguki kutwa nzima. Tatizo la ratiba likawa kichekesho. Filamu ilipigwa kwa picha nyeusi na nyeupe, bajeti ya kuipiga ikiwa dola 27,575.

Fanya hivyo hivyo na duka lako. Orodhesha kila kikwazo, na mbele ya kila kimoja andika sababu ya kihadithi. Stoo haifikiki? Basi ndani kuna kitu ambacho wauzaji wameapa kutokizungumzia. Taa ya nyuma haiwaki? Basi kuna mfanyakazi anayelala huko.

Tahadhari: Ruhusa ya mdomo hufa siku ambayo mwenye duka amepata hasara au amegombana nyumbani. Karatasi itaje tarehe, saa, nani analipia umeme na vitakavyovunjika, na kwamba una haki ya kuonyesha picha za duka hilo popote na bila ukomo wa muda. Kama jengo ni la kupanga, mwenye jengo naye aweke sahihi.

Umeimaliza hatua hii ukiweza kulichora duka zima kwenye karatasi bila kwenda kuchungulia, soketi zikiwemo.

## Hatua ya 2: Andika zamu moja

Zamu ya kazi ina umbo tayari: kufungua, saa za ukimya, msukumo wa wateja, kufunga. Usiliache umbo hilo ukaenda kutafuta jingine. Saa ya ukutani inamwambia mtazamaji tuko wapi bila mtu yeyote kueleza.

Kinachokosekana katika skripti nyingi ni haja. Muuzaji anayetaka "maisha bora" hana haja, ana malalamiko. Mpe jambo moja la leo, lenye saa, ambalo kaunta inamzuia. Lazima atoke saa tisa kwenda kwenye usaili, na wa kumpokea hajaja. Amepanga kumwacha mpenzi wake, na mpenzi huyo anakuja kununua kitu kila baada ya saa moja. Au anataka kulala dakika kumi tu, basi. Haja ikiwa ndogo inachekesha zaidi, kwa kuwa juhudi anazofanya zinaizidi.

Wauzaji watatu wanatosha: anayeamini bado kanuni za duka, aliyeacha kuziamini zamani, na mgeni wa kazi. Huyo mgeni ni wa lazima kuliko anavyoonekana. Yeye ndiye anayeuliza, na kupitia majibu ya uongo anayopewa mtazamaji anafahamu sheria za ulimwengu huu.

Wateja nao wana kanuni yao. Kila anayeingia aondoke akiwa ameacha tatizo kubwa kuliko alilolikuta. Mteja anayesema utani mmoja akatoka ni mapambo. Mfute, au mrudishe baadaye akiwa na matokeo ya alichofanya mara ya kwanza. Wa kurudi mara tatu ndiye dhahabu. Mara ya kwanza tunamwona, mara ya pili tunamkumbuka, mara ya tatu ukumbi unacheka kabla hajafungua mdomo.

Kuhusu urefu, ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Mazungumzo ya haraka huchukua muda mfupi zaidi. Kurasa 80 hadi 90 ni filamu ndefu kamili. Kama hujawahi kumaliza hata filamu ya dakika tano, andika kurasa 15 za zamu hiyo hiyo. Hatua zote zilizobaki ni zile zile.

Tahadhari: Usiandike sini (tukio moja la filamu) nje ya duka kwa sababu tu umechoka kuandika za ndani. Kila mahali papya pana ruhusa yake, usafiri wake, sauti yake na nusu siku ya kuhama. Nafasi ya mlangoni na ya nyuma ya duka zinatosha kumpa mtazamaji pumzi.

## Hatua ya 3: Geuza uchovu uwe kitendo

Kosa linaloua filamu hizi ni wahusika kusema kwamba wamechoka. Tazama:

> NEEMA: Kazi hii inachosha.
> SUDI: Kweli kabisa. Leo hata wateja hakuna.

Hapo hakuna filamu. Sasa tuwape mikono kazi.

> Neema amelaza kichwa kwenye kaunta, macho yamefumba. Sudi, taratibu kama daktari, anambandika stika za bei mkononi, moja baada ya nyingine. Mteja anaingia, anasoma stika, anamtazama Sudi.
> MTEJA: Huyu mmempunguza bei?
> SUDI: Bei ni hiyo hiyo. Ila akishachukuliwa harudishwi.
> NEEMA (bila kufumbua macho): Na risiti hatutoi.

Uchovu ule ule, lakini sasa una mchezo wenye kanuni, una shahidi kutoka nje, na una mtu anayeuchukulia kwa uzito mkubwa. Vitu hivyo vitatu vitafute kila mara. Watu waliochoka kazini hawakai tu; hubuni mashindano, mahakama, dini ndogondogo, takwimu zisizo na faida kwa yeyote. Fanya utafiti: muulize yeyote aliyewahi kusimama kaunta alikuwa akifanya nini duka likiwa tupu. Majibu yatakushinda wewe kwa ubunifu.

Pitia skripti nzima na ufute kila sentensi inayosema "nimechoka", "siku haiendi" na ndugu zake. Kama sini inasimama bila hizo, umefaulu. Ikianguka, haikuwa sini.

## Hatua ya 4: Soma kwa sauti, na chagua watu wanaosikiliza

Kusanya watu msome skripti yote kwa mkupuo mmoja. Wewe usisome. Weka simu irekodi, kaa kimya, weka alama pale watu walipocheka na pale walipojikuna. Usijitetee. Rudia na wasomaji wengine baada ya kusahihisha; kicheko kikitokea pale pale kwa vikundi viwili tofauti, utani huo ni mzima.

Katika kuchagua waigizaji, mwenye kuchekesha sana kwenye mazungumzo ya kawaida si lazima awe chaguo bora. Mweke akae mbele ya mwenzake anayezungumza, umtazame uso. Anayesikiliza kwelikweli ndiye wa kumchukua, kwa sababu nusu ya kicheko cha dukani hutoka kwa yule asiyesema.

Ubunifu wa papo kwa papo ufanyike hapa, kwenye mazoezi, na maneno bora yaandikwe kwenye skripti. Ukiuacha hadi siku ya kupiga, kila teki (kila mara sini inaporudiwa kupigwa) itakuwa na maneno yake, na mhariri atashindwa kuunganisha shoti pana (picha iliyopigwa kwa mbali) na ya karibu.

## Hatua ya 5: Ratiba inayofuata duka, siyo hadithi

Kurasa tano kwa siku ni mwendo wa kweli kwa kikosi kidogo ndani ya eneo moja. Kurasa 80 basi ni siku 16, na uongeze mbili za dharura. Anayekuahidi kurasa 12 kwa siku hajawahi kusubiri pikipiki ipite.

Panga sini kwa upande ambao kamera inatazama. Zote zinazotazama mlango zipigwe pamoja, zote zinazotazama shelfu pamoja, kwa kuwa kuhamisha taa ndiko kunakokula saa. Mwigizaji wa mteja mwenye kurasa mbili amalizwe kwa siku moja, hata kama anaonekana mwanzo na mwisho wa filamu. Mbadilishe shati tu.

Sini ngumu kuliko zote iweke siku ya tatu au ya nne. Siku ya kwanza watu bado wanajifunza, na ya mwisho wamekwisha.

Kila anayeonekana kwenye picha asaini karatasi ya kukubali kutumika kwa sura na sauti yake kabla hajasimama mbele ya kamera. Rafiki naye. Hasa rafiki.

## Hatua ya 6: Tayarisha duka

Duka limejengwa kuuza. Kwa filamu lina maadui watano.

Friji. Zima kabla ya kila sini yenye mazungumzo. Friji yenye mlango hustahimili kwa muda ikiwa haifunguliwi. Ile ya wazi mbele haistahimili, na vilivyomo ni mali ya mtu, kwa hiyo patana na mwenye duka dakika ngapi za kuzima na ngapi za kuwasha. Halafu fanya jambo hili la kizamani lisilokosea: ukizima friji, weka ndani yake funguo za gari au za nyumbani kwako. Huwezi kuondoka ukaisahau. Feni, kiyoyozi na redio vizimwe pia.

Mwangwi. Sakafu ngumu na dari tupu huirudisha sauti. Tandika blanketi pale ambapo kamera haioni, na tundika nyingine nyuma ya kamera. Shelfu zilizojaa bidhaa husaidia kuliko zilizo tupu.

Taa. Taa za dari za maduka huchanganywa ovyo: moja ya rangi ya manjano, moja ya buluu, moja inayopepesa. Hakikisha zote ni za aina moja, au zima zisizofanana. Kisha rekebisha kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, kwa sehemu ya sekunde) ilingane na umeme wa nchi uliyopo. Penye umeme wa Hz 50 tumia 1/50 au 1/100; penye Hz 60 tumia 1/60 au 1/120. Usipofanya hivyo, mistari ya giza itapanda na kushuka kwenye picha, na mara nyingi huioni kwenye kioo kidogo cha kamera. Funga pia mpangilio wa rangi nyeupe. Ukiuacha ujirekebishe wenyewe, ukuta utabadilika rangi katikati ya sentensi. Kama rangi zimekataa kabisa kupatana, nyeusi na nyeupe ni suluhisho la heshima, ila amua kabla ya kupiga.

Vioo. Mlango wa kioo, friji, miwani, kioo cha kona cha kuzuia wezi: vyote vitaonyesha kikosi kizima kikiwa kimechuchumaa. Simama mahali pa kamera, tafuta sura yako, kisha funika kwa kitambaa cheusi kinachoakisiwa au geuza pembe kidogo.

Nembo na saa. Geuza bidhaa zenye majina ya kampuni zitazame ukutani, au bandika lebo zako mwenyewe. Lebo za kubuni ni utani wa bure unaokaa nyuma ya picha. Zitengee jioni moja. Saa ya ukutani itolewe betri na mtu wa mwendelezo aigeuze kwa mkono kwa kila sini. Nimeona filamu nzuri ambayo mazungumzo ya dakika mbili yanaanza saa nne, yanapita saa saba, na kumalizikia saa tano. Skrini ya kamera za ulinzi na kalenda navyo usivisahau.

Ukimaliza yote, piga majaribio ya nusu dakika: watu wawili wanazungumza kaunta. Yatazame kwenye skrini kubwa ukiwa na hedifoni. Unataka kusikia maneno, na nyuma yake karibu hakuna kitu. Ukisikia mngurumo hata kidogo, usianze.

## Hatua ya 7: Kupiga sini

Anza na shoti pana inayochukua sini nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Sababu ya kwanza ni usalama: jua likizama au jenereta ya jirani ikianza, angalau una sini. Sababu ya pili inahusu vichekesho vyenyewe. Mwili mzima unachekesha. Mtu anayejaribu kujificha nyuma ya kaunta fupi anachekesha kwa sababu tunauona mgongo wake, na shoti ya karibu ya uso wake inatunyima mgongo.

Baada ya hapo nenda karibu. Piga anayesema, kisha piga anayesikiliza kwa muda ule ule, na umwache sekunde kadhaa baada ya neno la mwisho kabla ya kusema "kata". Sekunde hizo za uso uliokwama zitaokoa filamu wakati wa kuhariri.

Katika shoti za karibu, waigizaji wasikanyagiane maneno, hata kama hadithi inataka wabishane kwa pamoja. Sauti zilizopandana ni vigumu kuzitenganisha. Ugomvi wa kukatana kauli utatengenezwa mezani kwa mhariri.

Kaunta ni mpaka wako. Chora mstari wa kufikirika kati ya muuzaji na mteja, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo kwa sini nzima. Ukiuvuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, na mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Sauti isipigwe kwa makisio. Kilele cha mazungumzo kiwe karibu na -12 dB kwenye kipimo cha sauti cha kinasa, ili atakayefoka ghafla asipasue. Maiki ya fimbo ikae karibu na kichwa kadiri fremu inavyoruhusu. Piga klapa (ubao wa kugonganisha, ili mhariri alinganishe picha na sauti) kwa kila teki. Kofi la mikono mbele ya kamera linafaa pia.

Kabla ya kuhamisha kamera, waambie wote wanyamaze na urekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba. Watu watakuona mshirikina. Ukimya huo ndio utakaoziba mashimo kati ya maneno, kwa maana kila chumba kina ukimya wake na wa kununua haufanani.

Sasa uigizaji. Waigizaji hawatakiwi kujua kwamba wako kwenye vichekesho. Anayebishana kuhusu stika ya bei abishane kana kwamba ni urithi wa shamba. Ukiona mtu anatabasamu kabla ya utani wake, mwambie alitake jambo lile zaidi, usimwambie achekeshe. Na mnapokuwa na teki mnayoiridhia, pigeni moja zaidi kwa kasi kubwa, kama watu wanaowahi basi. Mara nyingi ndiyo inayoingia kwenye filamu.

Tahadhari: Anayecheka nyuma ya kamera ameharibu sauti. Aume shati. Ila kicheko cha kikosi siyo kipimo pia. Mara ya tano ya utani ule ule hakuna atakayecheka, na hilo halimaanishi umekufa. Usianze kubadilisha maneno saa nane za usiku kwa hofu.

Mwisho wa kila sini, mtu wa mwendelezo apige picha kwa simu: kaunta, shelfu za nyuma, mikono, kola, kiasi cha kinywaji kilichobaki kwenye glasi.

## Hatua ya 8: Nakili kabla ya kulala

Kadi ikitoka kwenye kamera, nakili kwenye diski mbili, fungua klipu chache uhakikishe zinacheza, ndipo uifute. Diski moja iende nyumba nyingine na mtu mwingine. Mwizi akiingia hachagui.

## Hatua ya 9: Kuhariri

Mkusanyiko wa kwanza utakuwa mrefu na hautachekesha. Ndivyo ulivyo kwa kila mtu, usiuonyeshe.

Panga kwanza hadithi ya haja uliyoiandika katika hatua ya 2. Kila sini ijibu: je, muuzaji amekaribia au amezidi kuwa mbali na anachotaka? Wateja wasiobadilisha chochote waondoke, hata aliyekuchekesha siku nzima. Kisha punguza mwanzo na mwisho wa kila sini. Ingia mabishano yakiwa yameanza, toka kabla mtu hajaeleza utani.

Baada ya neno linalochekesha, nenda kwa uso wa msikilizaji na ukae. Muda gani? Hapa hakuna kanuni, kuna kujaribu: ongeza fremu sita (fremu ni picha moja moja zinazounda video), tazama, punguza nne, tazama. Tofauti ya robo sekunde huua au hufufua. Tandaza ule ukimya wa chumba chini ya sini nzima kabla ya kuamua, maana shimo la sauti hufanya pumziko zuri lionekane kosa.

Angalia mwisho kwa jicho kali. Waandishi wa vichekesho hushikwa na tamaa ya kumaliza kwa msiba ili waonekane wana uzito. Toleo la kwanza la *Clerks* lilimalizika kwa muuzaji mkuu kupigwa risasi na jambazi. Mwisho huo ulikatwa kabla filamu haijasambazwa, na duka likafungwa tu. Zamu imekwisha, haja imetimia au imekwama, inatosha.

## Hatua ya 10: Muziki

Wimbo wa mtu unahitaji ruhusa mbili tofauti: ya mtunzi au anayemiliki utunzi, na ya anayemiliki rekodi yenyewe. Kupata moja hakukupi nyingine, na kutumia sekunde chache tu hakukuondolei wajibu. Hii ndiyo sababu redio ya duka ilizimwa. Tafuta mwanamuziki chipukizi anayemiliki vyote viwili, mpe karatasi asaini, naye muziki wake upigwe kama redio ya dukani.

## Hatua ya 11: Wageni kumi chumbani

Onyesha filamu kwa watu kumi au kumi na watano wasiomjua mwigizaji yeyote. Mama zenu wasialikwe. Rekodi sauti ya chumba wakati filamu inacheza, kisha iweke sambamba na filamu kwenye programu yako ya kuhariri. Utaona kwa macho kicheko kilianzia wapi, kilidumu kwa muda gani, na kama kilifunika sentensi inayofuata. Kikifunika, ongeza shoti ya msikilizaji hapo.

Usiwaulize kama wameipenda. Waulize wapi waliangalia simu, nani hawakumwelewa, na muuzaji alikuwa akitaka nini. Wakishindwa swali la mwisho, rudi hatua ya 9. Mkijipanga vizuri, onyesho la pili kwa watu wengine litakuwa fupi kwa dakika kadhaa na lenye kelele zaidi.

## Hatua ya 12: Kuipeleka nje

Amua mapema kama unataka tamasha au intaneti kwanza. Baadhi ya matamasha hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa hadharani, na ukishaipandisha huwezi kuirudisha. Soma masharti ya kila moja kabla ya kulipa ada, hasa kuhusu urefu. Tuzo za Oscar, kwa mfano, huhesabu filamu fupi kuwa ya dakika 40 au chini yake, lakini matamasha mengi yana mipaka yake tofauti. Filamu ya dakika 45 ni balaa: ndefu kwa upande mmoja, fupi kwa mwingine. Punguza au ongeza.

Weka maandishi ya chini kwa lugha nyingine, yaandikwe na mtu anayecheka kwa lugha hiyo. Andaa mukhtasari wa sentensi mbili, orodha ya waliofanya kazi yenye majina yaliyohakikiwa herufi kwa herufi, na picha za mnato zisizopungua sita. Picha hizo zipigwe wakati wa kurekodi, kamera ya filamu ikiwa imepumzika na waigizaji bado wakiwa na sare. Fremu iliyochomolewa kwenye video mara nyingi huwa na ukungu wa mwendo, na waratibu wa tamasha hawataichapisha kwenye bango lao.